Tabaka Chini ya Ntobeye

Biharamulo,
9 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama si mzima basi angalau mbishi, maana ukiwa mbishi najua damu inatembea. Mimi sijambo. Kifua kimepona, vumbi la huku limenizoea.

Maharage uliyonitumia nimeyapata, asante. Nimeyapika mara moja nikayala siku tatu, kwa sababu mtu wa peke yake hajui kupima. Mwenye nyumba wangu, Bi Mwanamvua, alinipa nazi niyaunge. Sikutaka kukuambia, kwa kuwa najua utasema nazi ni mafuta ya nywele.

Unasema watu wa Ntobeye wanakuuliza kama binti yako anatafuta dhahabu. Waambie ni nikeli, na bado hatujaiona. Kazi iko hivi. Tuna magari mawili makubwa, kila moja lina bamba la chuma tumboni. Gari linashusha bamba, linaliegemea kwa uzito wake wote, kisha linaitetemesha ardhi. Linaanza na sauti nzito kabisa, linapanda taratibu hadi nyembamba, vile ulivyokuwa ukiwapandisha ngazi wanakwaya wako kule parokiani. Mtetemo unashuka, unagonga miamba, unarudi juu ukiwa dhaifu sana. Vifaa vidogo tulivyopanga ardhini kwa mstari mrefu vinausikia.

Mimi sipandi magari. Nakaa ndani ya kontena lenye kompyuta, nasafisha kilichosikika. Naondoa upepo, pikipiki, mashine za kusaga, kwato za ng'ombe. Nikimaliza napata picha ya kilichopo chini. Siku nzima sizungumzi na mtu, isipokuwa mkuu wangu, Bwana Shibuda, ambaye naye huzungumza na kikokotoo chake zaidi.

Mwezi wa saba magari yatapita Ntobeye, karibu kabisa na nyumbani. Mimi sitakuwa nayo. Nasema mapema ili usisimame barabarani kunisubiri.

Baba, nyumba hii ina vyumba viwili. Kimoja nalala, kingine nimeweka ndoo. Nilikuambia Krismasi ukaanza kuzungumzia bei ya kahawa. Sikushurutishi. Nakukumbusha tu kwamba chumba kipo.

Binti yako,
Avelina


Ntobeye,
27 Juni 2024

Avelina mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima wa afya, isipokuwa sikio la kulia limekufa kabisa sasa, na la kushoto linasikia radi peke yake. Daktari wa Rulenge alinichungulia kwa tochi, akaandika kwenye karatasi: "Mzee, ni umri." Nikamwandikia chini yake: "Hilo hata mimi nalijua." Akacheka. Nadhani alicheka, mdomo ulifunguka.

Simu nimempa jirani yetu Koleta, yule mjane wa ng'ambo ya migomba. Mimi hainifai. Usinitumie ujumbe kwake ukidhani atauleta, ujumbe wa simu ni mfupi, unaonekana kama habari ya msiba. Andika barua. Barua nasoma asubuhi, nasoma mchana, na ikipita wiki naisoma tena kama imefika leo.

Nimeelewa kazi yako. Yaani unalipwa kwa kusikiliza, na baba yako hasikii hata jogoo. Mungu ana utani.

Sasa kuhusu chumba chenye ndoo. Mwanangu, hapa mtu haachi kaburi la mkewe kwa miguu yake mwenyewe. Unamkumbuka mzee Wiston wa Kanazi, aliyemfuata kijana wake Mwanza? Alikwenda kwa heshima zote, na koti. Mpaka leo anatajwa kwenye vilabu vya pombe, kwenye rubisi: yule aliyemwachia mkewe kulinda migomba. Mimi mama yako nimemlaza mita chache kutoka mlangoni. Nikiondoka nani atamfagilia?

Ingekuwa nimehamishwa, hilo lingekuwa jambo jingine. Wale waliopisha barabara walihama na makaburi yao, padri akabariki, hakuna aliyewanyooshea kidole. Lisilo budi hutendwa. Lakini kuinuka tu na kwenda, kwa sababu nyumba imekuwa kimya? Hapana.

Wala usinionee huruma. Siko mpweke. Nina kuku saba, na wote wananiheshimu.

Baba yako,
Ansbert Nyandwi


Ntobeye,
19 Julai 2024

Avelina mwanangu,

Hujambo? Mimi ni mzima, mzima sana. Hii naiandika haraka, kabla hata hujanijibu ile ya kwanza, nimpe dereva wenu Sabiti. Huyu kijana ni wa kwenu huko Biharamulo, ana adabu, ameniamkia kwa mikono miwili. Anasema atakufikishia akirudi.

Magari yako yamekuja!

Nilikuwa nimesikia kwa Koleta, au tuseme nimesoma kwenye mikono yake, kwamba yako kilima cha pili. Nikafagia uwanja. Yalipofika nikaona vile vigingi vya alama walivyopigilia vinaelekea moja kwa moja penye kaburi la mama yako. Nikasimama mbele ya gari. Sabiti akashuka, nikamwonyesha msalaba, akavua kofia. Hakubishana. Wakasogea pembeni, kwenye lile jiwe pana mwisho wa kahawa, mahali ulipokuwa ukianika mtama.

Lakini nikaona aibu. Wageni wa mwanangu, nimewanyima uwanja mzuri, nawapokea juu ya jiwe tupu? Nikashuka bondeni na panga, nikakata nyasi mbichi, mzigo mara tatu. Nikatandika lile jiwe lote, nikaongeza na majani ya migomba, likawa nene, zuri, limenyooka, kama sakafu ya nyumba siku ya posa. Sabiti alitaka kuyaondoa. Nikamwambia, bwana mdogo, kwetu mgeni hakanyagi jiwe tupu, na mimi ndiye baba yake Avelina. Akatazamana na mwenzake, wakacheka, wakashusha bamba juu ya nyasi zangu.

Avelina, nimesikia! Si kwa masikio. Ulianzia kwenye nyayo, ukapanda magotini, ukafika kifuani, na mwishoni ukawa kwenye meno. Besi, kisha tenori, kisha soprano. Sijasikia wimbo tangu mwaka juzi. Nililia mbele ya vijana wa watu, na sikuona haya.

Gari moja likamaliza, la nyuma yake likaanza, yakapokezana, kisha yakaenda zao. Nikakaa kwenye jiwe na kiganja nimekiweka chini, nikisubiri. Sijui nilikuwa nasubiri nini. Koleta alipita akanipungia mkono, nikampungia, akaenda kupika kwake na mimi nikaenda kupika kwangu.

Baba yako,
Ansbert


Biharamulo,
14 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za kuku saba? Mimi sijambo, nimekonda kidogo kwa kazi. Barua yako ya mwezi wa sita ninayo. Sabiti amepiga simu akasema ana nyingine mfukoni, lakini kikosi kimepelekwa mbali na hajui atarudi lini Biharamulo. Kwa hiyo kama umeniuliza jambo humo, nivumilie.

Hili ninalokuambia usimwambie mtu, hata Koleta.

Nimetoa picha ya mstari wa Ntobeye. Chini kabisa, chini ya kilima chetu, kuna tabaka. Limenyooka, limekoza, linaonekana wazi kuliko kitu chochote tulichopata tangu tuanze. Bwana Shibuda alisimama nyuma yangu kwa muda mrefu, kisha akaniletea soda. Huyu mtu hajawahi kuniletea hata maji. Ameshaandika kwa wakubwa. Wakikubali, mwakani watakuja wachimbaji wa kupima, na kama ni nikeli kweli, kilima kizima kitahamishwa. Watu na makaburi, kwa taratibu zote, na padri.

Ninapaswa kukuambia kwamba picha ya kwanza haiaminiki mpaka isafishwe tena. Ndivyo tulivyofundishwa. Lakini nitakuambia na nilichokifanya: nilirudi nyumbani nikatoa ndoo kwenye kile chumba, nikafagia.

Najua ni nyumba yetu. Najua mama yuko pale. Nilifurahi hata hivyo, Baba. Jioni nikila naweka kiti kingine mkabala, si kwa ajili ya mtu, ni ili meza isionekane pana. Bi Mwanamvua ni mwema lakini ana wajukuu zake. Nikawaza kwamba mwakani kiti kitakuwa na mtu, na mtu huyo atakuwa analalamikia nazi.

Binti yako,
Avelina


Ntobeye,
25 Agosti 2024

Avelina mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Siri yako nimeitunza vizuri kabisa, isipokuwa barua ilipofika kilima kizima kilikuwa kimeshajua. Bwana Shibuda wako alikuja na gari jeupe kumwona mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti ana mke, na mke ana kisima cha kwenda.

Ungewaona watu! Hawajawahi kupenda kilimo hivi. Wanapanda miche ya kahawa kiangazi, wanaimwagilia kwa vikombe, ili itakapokuja tathmini ya fidia ihesabiwe. Ishimwe, yule fundi baiskeli, amejenga banda la ng'ombe na hana hata mbuzi. Nikamuuliza kwa ishara, ng'ombe yuko wapi? Akaonyesha njia ya Biharamulo, itakakotokea fidia.

Mimi sijapanda mche. Mimi nafungasha.

Sitajifanya kwako. Niliposoma barua yako nilicheka peke yangu hadi kuku wakatoka ndani. Nimechukua sanduku la mama yako, nimeweka koti, vitabu vya nyimbo na ile picha ya ubatizo wako. Nimeshamwambia yeye pia pale kaburini: Zita, tunahamishwa, wewe na mimi, si kwa kupenda. Nilisema "si kwa kupenda" huku nikitabasamu, nadhani ameniona.

Mwanangu, nimechoka kula peke yangu. Sasa naweza kulisema kwa sababu halina tena lawama. Wakati mwingine nasonga ugali, nautazama, nawapa kuku. Usiku nikiamka sijui kama kuna mvua mpaka nitoe mkono dirishani. Watu wa hapa si wabaya, lakini kuzungumza na kiziwi ni kazi, na kila mtu ana kazi zake. Wanapita, wananipungia. Nimepungiwa mikono mwaka huu kuliko askofu.

Hebu niambie: hicho chumba kinapata jua la asubuhi? Na kuku wanaruhusiwa, au Bi Mwanamvua ni mtu wa usafi?

Baba yako anayehamishwa,
Ansbert


Biharamulo,
18 Septemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Sijambo, na natumaini hujambo. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Sabiti amerudi. Amenipa barua yako ya mwezi wa saba, ile ya nyasi.

Niliisoma nimesimama, nikacheka, kisha nikakaa chini. Nitakueleza kwa nini, na wewe ndiye mtu pekee nyumbani atakayeelewa haraka, kwa sababu umesimamia kwaya.

Bamba likikaa vizuri kwenye udongo, gari linaimba sauti moja tu, ile tuliyoiagiza. Lakini likikaa vibaya, likiwa linadundadunda, zinazuka sauti nyingine juu yake: ya mara mbili, ya mara tatu. Kazini tunaziita harmoniki. Ni mwanakwaya asiyeitwa, anayeingia na soprano wakati mwalimu bado yuko kwenye besi. Sasa magari yetu yanapokezana. Ili kazi iende haraka, la pili huanza wakati bado tunasikiliza mwangwi wa la kwanza. Mwangwi wa mwisho, unaotoka chini kabisa, ni dhaifu mno. Yule mwanakwaya wa gari la pili anaangukia hapo hapo, juu yake, na kompyuta inamchora kama kitu kilichopo ardhini. Kama tabaka. Limenyooka, limekoza.

Uliwatandikia jiwe. Nyasi mbichi na majani ya migomba, nene, juu ya jiwe gumu. Hakuna mahali kwenye mstari mzima ambapo bamba lilidunda kama pale.

Bwana Shibuda alikuwa hajaniuliza kitu. Wakubwa walikuwa wameshafurahi. Nilikaa na barua yako mfukoni, nikaenda kazini nayo, nikarudi nayo, na kila siku nikitazama lile tabaka nilikuona wewe ukiingia na sanduku. Kama ningenyamaza, wangekuja kutoboa kilima chetu, na pengine wangewaondoa watu kwanza na kugundua baadaye. Nikamuwaza Ishimwe na banda lake. Nikawaza mama akifukuliwa kwa ajili ya kitu ambacho nakijua mimi peke yangu kwamba hakipo.

Juu ya kila bamba kuna kipimo kinachoandika jinsi lilivyotetemeka hasa, si jinsi tulivyoliagiza. Nikachukua maandishi hayo, nikapata zile sauti za ziada moja moja, nikakokotoa zingeangukia wapi, nikazitoa. Kazi yenyewe si ngumu. Ngumu ilikuwa kubonyeza kitufe.

Tabaka likaondoka. Chini ya Ntobeye kuna mwamba wa kawaida tu, Baba. Nilimwonyesha Bwana Shibuda. Alivua miwani, akasema, "Mistari yote isafishwe hivyo." Kisha akaandika upya kwa wakubwa. Soda sikuletewa.

Kwa hiyo hakuna atakayekuhamisha. Mimi nilikuwa naomba kampuni ikutoe, na wewe ulikuwa unaomba kampuni ikutoe, na kampuni haitakuja. Nimebaki mimi. Nalisema mwenyewe sasa: njoo, Baba. Hakuna serikali nyuma ya neno hili wala padri. Ni mtoto wako anakuomba. Chumba kinapata jua la asubuhi. Kuku wanaruhusiwa, nimeuliza.

Binti yako,
Avelina


Biharamulo,
9 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Mimi sijambo.

Nilimpigia Koleta. Akasema, "Yupo, mzima, anakula," halafu mtandao ukakatika. Najua tu kwamba unakula.

Umekasirika? Kama ni kwa ajili ya majirani na miche yao, nilaumu mimi, waambie hivyo. Kama ni kwa neno "njoo", nisamehe kwa kulisema bila kusindikizwa. Najua jambo kama hili huombwa na wazee.

Kuna lingine. Kikosi kinamaliza huku mwezi ujao. Wamenipa nichague: kubaki hapa Biharamulo kwenye ofisi ndogo, mshahara mdogo, au kwenda nao kusini, Lindi, miaka miwili. Ukija, nitabaki. Nimewaambia nitawajibu kabla ya tarehe ishirini Novemba.

Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Binti yako,
Avelina


Ntobeye,
28 Oktoba 2024

Avelina mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Mimi ni mzima kuliko nilivyowahi kuwa, na nimenenepa. Nisamehe kwa kunyamaza. Mvua zimeanza, tumepanda maharage, na kuna mambo yametokea ambayo ningeyaandika nusu usingeyaelewa.

Sikukasirika. Barua yako kuhusu nyasi niliipokea Jumamosi. Niliumia, sitaficha, nililitazama lile sanduku nikalionea aibu. Kisha nikasoma pale uliposema ni mtoto wako anakuomba. Nikajiambia, Ansbert, unaogopa vilabu vya rubisi kuliko unavyompenda mwanao? Nikaamua kuja. Ndiyo, mwanangu. Niliamua.

Jumapili baada ya misa, saa za chakula cha mchana, watu wote wakiwa majumbani, nikaenda kumuaga mama yako. Nilitaka yawe yetu wawili tu. Nikapiga magoti nikamnong'oneza. Nikamwambia: Zita, nisamehe, mtoto ananiita. Upweke umenishinda. Nakula na kuku. Hakuna mtu anayekaa nami, wananipungia mikono wanapita, sijaguswa bega tangu tulipokuzika. Nikilala nasema jina lako ili nijue kama bado nina sauti.

Nilinong'ona, Avelina. Ndivyo nilivyodhani. Koleta amenieleza baadaye kwa mikono na kwa kuandika mchangani: nilikuwa napiga kelele kama mtu anayeswaga ng'ombe. Kilima kizima kilisikia, na ng'ambo ya bonde pia. Watu waliacha kula. Ishimwe alitoka na tonge mkononi.

Mimi sikujua lolote. Nikainuka, nikapangusa magoti, nikaenda kufunga sanduku kwa kamba. Mara Koleta akaingia bila hodi, uso umevimba kwa machozi na hasira, akanishika mabega akanitikisa. Nyuma yake Ishimwe, nyuma ya Ishimwe wazee wangu wa besi wa kwaya, wote. Hakuna aliyecheka. Wakaketi. Mmoja akaniandikia: "Tulidhani kiziwi anapenda utulivu. Tulidhani tunakusumbua." Miaka miwili, mwanangu! Wao wakiniheshimu kwa kunikalia mbali, na mimi nikijiheshimu kwa kutosema.

Tangu siku hiyo, jioni hakuna anayenipungia. Wanakuja na sufuria zao, tunakula uwanjani kwangu, zamu kwa zamu. Miche yao ya fidia imekufa yote na wanaicheka wenyewe. Jumapili wananisimamisha kwenye kwaya, karibu na ngoma, mkono juu ya mbao yake, na besi naipata kwa kiganja. Padri amesema naharibu kidogo, lakini kwa furaha.

Kwa hiyo siji, Avelina. Nilitafuta wa kunihamisha, nimepata wa kunizuia. Koleta ameshalichukua hilo sanduku, anawekea maharage ya mbegu.

Usibaki Biharamulo kwa ajili yangu, hata kidogo. Nenda Lindi. Wewe ni kijana, nenda ukaone watu. Mimi sasa sina shida, na hicho chumba mpe mwingine. Najua utafurahi kusikia haya, kwa maana ndicho ulichokuwa ukinitakia siku zote, nisiwe peke yangu.

Baba yako mwenye furaha,
Ansbert Nyandwi

Koleta anakusalimu. Anasema unisamehe mimi baba yako, nimeongea sana.


Biharamulo,
17 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata Jumatano. Nimefurahi, na ninakuandikia kukuambia kwamba nimefurahi. Mwambie Koleta nimemshukuru. Mwambie pia namwonea wivu, atajua la kufanya na neno hilo.

Nimewajibu wakubwa. Nakwenda Lindi, tunaondoka Alhamisi. Wanasema kule ni mchanga, bamba linakaa vizuri. Anwani nitakutumia nikifika. Kitanda nilichokuwa nimekinunua kwa ajili yako nimemwachia Bi Mwanamvua, ana mjukuu anayekua.

Kazi yangu ni kutafuta sauti imetoka wapi, na hii imenichukua muda mrefu kuliko zote. Nilidhani nakuita uje kwa sababu wewe uko peke yako. Nilikuambia hivyo tangu Krismasi, na nikaamini. Aliyekuwa peke yake kwenye hizo barua nilikuwa mimi pia, Baba, na sikuweza kulisema bila kulipitisha kwako. Sikuandikii ili uje. Kaa, imba, nenepa. Nakuandikia kwa sababu wewe ulilisema lako na mimi sijawahi kusema langu.

Nilipokuwa nasoma barua yako Bi Mwanamvua aliingia akanikuta nalia. Akaketi kitandani, akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefariki. Ikabidi nimwambie hapana, mama, hakuna msiba, ni habari njema kutoka nyumbani.

Binti yako,
Avelina